Kupogoa

Saa saba usiku, Nkuhungu. Upepo wa Agosti
unakwangua bati kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimejitanda shuka mabegani, chai imepoa,
na mbele yangu seva ya ushirika
inahema.
Haijafa. Ingekufa ningelala.

Leo Hombolo wamepima zabibu tangu alfajiri.
Kila kreti ikishuka mizanini karani anabonyeza,
na kila mkulima anauliza kwa simu yake: imeingia?
Imeingia? Imeingia?
Watu elfu tatu, swali moja,
na skrini inawazungushia kiduara
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Aliyenitangulia hapa, Chilongani, alikuwa na moyo mkubwa.
Seva ilipochoka, aliiongezea.
Nyuzi za kazi: mia mbili. Ikachoka. Mia nne.
Kumbukumbu akaipa yote, hadi tone la mwisho,
mashine yenyewe ikakosa pa kuweka mguu.
Muda wa kusubiri: dakika tano,
maana, aliandika kwenye daftari, "tusimfukuze mtu".
Niliusoma mstari ule mara mbili.
Nilimpenda kwa mstari ule.
Na ndio uliokuwa ukituua.

Kwa sababu kule nyuma, kwenye kanzidata, milango ni kumi.
Mia nne wanafika na kusimama,
kila mmoja na ndoo yake, hakuna anayekubali kurudi nyumbani,
wa kwanza hawezi kutoka kwa ajili ya wa mwisho.
Prosesa haifanyi kazi,
inahesabu tu nani kamkanyaga nani.

Nikamkumbuka mama, Sechelela binti Ndahani, na mkasi wake.
Nina miaka tisa, naburuta matawi hadi korongoni,
nalia. Mzabibu ulikuwa umefunga majani, kijani cha kutia wivu,
naye akaukata hadi ukabaki kisiki na vidole viwili.
"Unauua," nikasema.
"Majani hayauzwi," akasema, hakuinua kichwa.
Nilidhani ana hasira na baba.
Huenda alikuwa nayo pia.

Basi nikapogoa.
Mia nne ikawa hamsini. Nikapima.
Hamsini ikawa ishirini na nne. Nikapima.
Kimoja kimoja, maana ukigusa viwili kwa mkupuo
hutajua kipi kimeponya na kipi kimejificha.
Dakika tano nikazifanya sekunde nane:
aliyekosa nafasi aambiwe, arudi baadaye, asizibe mlango.
Kumbukumbu nikaipunguza theluthi,
mzoa taka akaanza kupita mara kwa mara na ufagio mdogo
badala ya kusimamisha mji mzima siku ya gulio.
Bei ya kilo, inayoulizwa mara elfu na kubadilika mara moja,
nikaiweka barazani, isifuatwe tena chumbani.

Saa tisa nikalewa sifa.
Nikashuka hadi sita,
foleni ikajikunja nje hadi barabarani.
Nikarudisha, mikono inatetemeka, si kwa baridi.
(Hata mama aliwahi kukata jicho lililobeba maua.
Mwaka ule safu nzima ya kaskazini haikuzaa,
na hakuna aliyeizungumzia mezani,
tulikula uwele na mlenda kimya kimya.)

Saa kumi na mbili mizani ikafunguliwa.
Nikakaa nikiitazama grafu, tayari kuiona ikipanda
kama mbuzi juu ya jabali. Haikupanda.
Nusu sekunde. Nusu sekunde. Chini ya nusu.
Nikafungua daftari la Chilongani,
chini ya mstari wake nikaandika:
"24. Usiongeze kwa huruma."
Nikaufuta. Nikaandika "24" tu.

Simu ikatetemeka kabla sijavua viatu.
Mama, kutoka mizanini: Imeingia.
Halafu kimya, kirefu kuliko cha seva yoyote,
halafu:
Lakini kwenye kilo wamenipunja.